Njia ya Nne ya Fuko

Kitendawili! Usiangalie pembeni, ni wewe ninayekuuliza. Nyumba yake ina njia nyingi na chumba kimoja. Analima kwa meno, na shamba lake hajaliona hata siku moja. Ni nani huyo?

Panya? Hapana. Siafu? Siafu alilima lini? Jaribu tena. Haya, umeshindwa, nipe mji. Umenipa Nakuru? Nakuru naupokea kwa mikono miwili, maana mwenye nyumba hiyo ni fuko, na fuko mmoja wa Nakuru nusura amfikishe mtu mwema kifungoni. Kaa vizuri usikie.

Ulikuwa mwaka wa 1954. Wangeci alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikaa mtaa wa Bondeni katika chumba kimoja na baba yake, Ephantus, na mama yake, Rahab. Kila siku kengele ya shule ikilia mchana, Wangeci alikimbia nyumbani, akapewa kikapu chenye githeri ya mahindi na maharagwe na chupa ya uji, kisha akapanda mpaka upande wa juu wa mji. Huko nyumba moja ilikuwa na bustani kubwa kuliko mtaa wao mzima, na ndiko Baba alikokuwa akifanya kazi.

Ephantus alikuwa fundi wa kutandika mawe. Kazi hiyo alijifunza wakati wa vita, akiwa kibarua pamoja na mateka wa Kiitaliano waliojenga barabara ya kuteremka bondeni. Sasa alikuwa akitengeneza njia ya gari, kutoka langoni mpaka banda la gari, kwa mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake.

"Jiwe ni shati tu, mami," Baba alipenda kumwambia Wangeci huku akitafuna githeri. "Ardhi ndiyo mwili. Shati zuri halimponyi mgonjwa."

Na mwili wa Nakuru unaujua? Udongo wake ni majivu ya mlima uliolipuka zamani. Ukiupiga teke unaruka kama unga; ukiumwagia maji unayameza na kunyamaza. Kwa hiyo Baba na mwenzake, Kipketer, kijana mrefu wa kutoka upande wa Kabarnet, walichimba kwanza udongo wote mwororo wakautoa. Wakajaza kokoto, kisha murram, udongo mwekundu wa changarawe, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka lilinyunyizwa maji, halafu Kipketer akalishindilia kwa gogo zito lenye chuma chini. Du! Du! Du! Mpaka ukikanyaga unasikia umekanyaga mwamba.

Lakini kulikuwa na shida moja. Mahali pale palikuwa shamba la karoti na viazi, na chini yake mafuko walikuwa wametoboa njia zao.

"Kazi hii ni yako," Baba alimwambia Wangeci. Alijua anachosema. Wangeci alifundishwa na babu yake, shambani Njoro, kutega fuko kwa fimbo ya kupinda na kamba. "Ukimnasa, usiishie hapo. Ifuate njia yake mpaka kwenye chumba anacholala. Ifukue yote, kisha niite niijaze mawe. Njia moja ikibaki, mvua itaingia humo na kula udongo kutoka chini. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba. Jumamosi nitakuwa nimemaliza."

"Jumamosi!" Kipketer akacheka. "Mtoto huyu anajisifu kama jogoo wa kukopa."

Njia ya kwanza aliimaliza, ya pili pia, na ya tatu. Kila mwisho wa njia alikuta chumba: mpira wa nyasi kavu, na kando yake viazi vilivyopangwa kama akiba ya mama mwenye nyumba. Lakini Jumamosi ilipofika, njia ya nne ilimtesa. Fuko alinaswa asubuhi mapema, na mkia wake ulikuwa tayari mfukoni mwa Wangeci, umefungwa kwenye jani. Njia yenyewe, hata hivyo, ilianzia karibu na lango, ikapita chini ya njia ya gari na kupinda kuelekea kwenye mizizi ya ua wa miiba wa kaiyaba. Kucha mbili zilikuwa zimemkatika. Jua lilikuwa likiteremka.

"Fundi wa mafuko!" Kipketer akaita. "Sisi upande wetu tumemaliza zamani. Huyo fuko amekushinda, ama unamtafutia mchumba?"

"Subiri uone!" Wangeci akajibu kwa hasira.

Akaangalia huku na huku. Akachukua konzi mbili za nyasi, akaziba tundu. Akaweka jiwe, akafukia kwa udongo, akakanyaga kwa kisigino. Fuko amekufa, alijiambia. Njia isiyo na mwenyewe itamdhuru nani?

Baba akaja akifuta mikono. "Umefika chumbani?"

"Nimefika, Baba."

"Ulikuta nini?"

"Nyasi. Na viazi." Akautoa mkia haraka. "Mkia huu hapa."

Sasa nikuambie jambo. Katika mashamba ya wazungu, fuko alihesabiwa kwa mkia. Ukimpelekea nyapara mkia, kazi imekwisha. Hakuna aliyewahi kuulizwa habari za shimo. Na Ephantus alilelewa katika mashamba hayo hayo. Akautazama mkia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri sana," akasema. Kipketer akaleta gogo lake, na Jumatatu mawe yakaanza kutandikwa.

Ijumaa kazi ikaisha, na kwa macho ilikuwa nzuri. Bwana Kofia alitembea juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema ataandika barua kwamba Ephantus ni fundi wake, kwamba anahitajika mjini, yeye na jamaa yake.

Usiichezee barua hiyo. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikipigana na wapiganaji wa msituni na kumshuku kila Mkikuyu. Mkikuyu asiye na barua ya mwajiri alipandishwa lori pamoja na watoto wake, akapelekwa risavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, hata kama hakuwa na shamba wala nyumba huko. Jumanne ya wiki ile ile walikuwa wamechukuliwa akina Karanja, majirani wa mlango wa tatu. Sufuria yao ilibaki mekoni, maharagwe yakiwa hayajaiva. Tangu siku hiyo Mama Rahab alikuwa akiweka nguo zote katika gunia moja, tayari, na kila lori likipita alikaa kimya mpaka mlio upotee.

Jioni hiyo ya Ijumaa ikanyesha mvua ya kwanza ya mwaka, mvua ya Aprili isiyo na mzaha.

Jumamosi Mama alimtuma Wangeci ampelekee kabichi Nekoye, mama aliyekuwa mfagizi kwa Bwana Kofia. Wangeci alipofika langoni, akasimama. Kando ya mawe kulikuwa na dimbwi la maji. Alipokuwa akilitazama, likapungua. Likapungua tena, likizunguka kama uji unaokorogwa, kisha likazama lote kwenye tundu lisilozidi ngumi. Akasikia maji yakiteremka chini ya mawe. Akainama, akaligonga jiwe la tatu kwa kokoto. Halikulia kama mwamba. Lililia kama debe tupu.

Wangeci akaligonga tena. Sauti ile ile.

"Mbona umeganda hapo kama kigingi?" Nekoye akamwita kutoka mlangoni. "Ingia. Kesho Memsahib anatoka hospitali na mtoto. Bwana atawaleta kwa gari saa sita. Nimeambiwa nioshe hata majani!" Akaipokea kabichi, kisha akapunguza sauti. "Umesikia ya kule mashambani? Gari la mzungu limezama kwenye shimo njiani. Wamesema ni mtego. Watu wanne wamechukuliwa, na mmoja alikuwa mchunga ng'ombe tu, hajui lolote."

"Wamepelekwa wapi?"

"Mwanangu, siku hizi nani anauliza wapi?"

Wangeci alirudi Bondeni bila kujua miguu inakanyaga nini. Shimo chini ya njia ya mzungu. Njia iliyotengenezwa na Mkikuyu. Nani angeamini habari za fuko? Jioni Baba alipoketi akinywa uji na kusema, "Barua ikija, Rahab, ufungue gunia lako," Wangeci alifungua kinywa. Akakifumba tena. Akisema, Baba hatapata barua. Asiposema, Baba atachukuliwa.

Jumapili kanisani hakusikia hata neno moja la mahubiri. Walipotoka nje, jua likiwa limekwisha panda, akamshika baba yake koti.

"Baba, njia ya nne sikuifukua."

"Njia gani?"

"Ya fuko. Pale langoni. Niliziba kwa nyasi. Chumbani sikufika. Na jana maji yalikuwa yakiingia ndani, na jiwe la tatu ni tupu chini." Akaanza kulia. "Na Bwana anakuja na mtoto saa sita."

Uso wa Ephantus ukawa wa kijivu. Hakupiga kelele, wala hakumpiga, na Wangeci aliona afadhali angempiga. "Rahab, nenda nyumbani," akasema taratibu. "Wewe, twende."

Wangeci akaanza kukimbia. Baba akamkamata mkono.

"Tembea."

"Tutachelewa, Baba!"

"Tembea! Mkikuyu akikimbia siku hizi, risasi humuuliza anakimbia nini."

Basi wakatembea. Sijui kama umewahi kutembea wakati moyo wako unakimbia. Walipokaribia nyumba za juu, askari akawasimamisha.

"Kipande!"

Baba akakitoa cheti hicho cha utambulisho. Askari akakisoma polepole, akakigeuza, akakisoma tena.

"Jumapili mnakwenda wapi?"

"Kazini, afande. Kuna jiwe limekaa vibaya."

"Jiwe gani lisiloweza kungoja Jumatatu?"

"Ni kosa langu, afande," Baba akasema. "Nataka kulirekebisha kabla ya mwenyewe kulikanyaga."

Askari akamtazama Wangeci, na machozi yake, na viatu vya Baba vilivyopakwa rangi kwa ajili ya kanisa. Akarudisha kipande. "Nendeni. Lakini msikawie."

Walifika langoni wakati mmoja na mlio wa gari. Nekoye alikuwa amesimama barazani na aproni nyeupe. Baba akapiga jiwe la tatu kwa kisigino, likajibu kwa sauti ile ya debe tupu. Nafasi ya kulifukua haikuwapo tena. Gari lilikuwa limekata kona.

Ephantus akasimama katikati ya lango, akanyoosha mikono yote miwili.

Gari likafunga breki na kuteleza kwenye matope. Bwana Kofia akatoka, uso mwekundu, mkono wake ukiwa kiunoni penye bastola. Nyuma, Memsahib alikuwa amekumbatia blanketi dogo jeupe.

"Wewe, toka hapo! Wewe nafanya nini?"

"Usipite, Bwana. Kuna shimo chini ya mawe."

"Shimo?" Sauti ikashuka, na hiyo ikaogopesha zaidi. "Nani nachimba shimo kwa lango yangu?"

Wangeci akasogea mbele ya baba yake.

"Fuko ndiye aliyechimba, Bwana. Mimi nililificha. Baba aliniambia nifukue yote, nikamdanganya."

Bwana Kofia akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa langoni, akauinua, akaupiga kwenye jiwe la tatu. Jiwe likazama lote, likapotea. Likabaki shimo jeusi ambalo mkono wa mtu mzima usingefika chini yake, maana mvua ilikuwa imeipanua njia ya fuko. Memsahib akapiga ukelele. Bwana Kofia akamtazama Ephantus kwa macho ya mtu ambaye amekwisha amua.

"Hapana fuko hii," akasema. "Hii mtego."

"Mtego hauna kitanda, Bwana!" Wangeci akalia. "Nipe nafasi nikuonyeshe. Fuko ana chumba. Ana nyasi na chakula. Nisipofikia chumba, basi nipeleke mimi kwa polisi, si Baba!"

Mkono wa Bwana ukarudi kiunoni, lakini bastola hakuitoa. Nekoye akaja mbio na jembe. Wangeci akapiga magoti matopeni na nguo yake ya kanisani, akaanza kufukua. Njia ikaenda moja kwa moja, kisha ikapinda. Akaifuata. Udongo ulioloa ukaanguka, akauzoa kwa mikono. Ikapotea, akapapasa, akaipata tena. Miiba ya kaiyaba ikamchana mabega. Hatua moja. Mbili. Hakuna chumba. Baba alisimama bila kusogea, mikono yake ikionekana wazi, na Wangeci hakuthubutu kumwangalia. Hatua ya tatu. Mzizi mnene ukamzuia. Akaingiza mkono chini yake mpaka begani, akapapasa gizani.

Nyasi. Nyasi kavu, laini, zilizoviringwa.

Akazitoa. Akaingiza mkono tena, akatoa kiazi, na kiazi kingine, kisha karoti tatu zilizotafunwa upande mmoja. Akazipanga juu ya matope mbele ya viatu vya mzungu.

Bwana Kofia akachutama. Akaokota karoti moja, akaigeuza.

"Karoti yangu," akasema.

"Ndiyo, Bwana," Nekoye akadakia kabla ya kujizuia. "Hizo hizo mlizosema ni mimi ninayeziiba!"

Memsahib, ndani ya gari, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mkono wa Bwana ukaondoka kiunoni. Akamsaidia mkewe kushuka, na wakapita pembeni kwenye majani na mtoto wao. Kisha akarudi peke yake, akasimama mbele ya Ephantus.

"Wewe najua mimi naweza kupeleka wewe kwa polisi. Barua naweza kupotea. Kwa nini wewe nasimama mbele ya gari? Kwa nini hapana enda nyumbani na nyamaza?"

Ephantus aliitazama nyumba, ambako mtoto mchanga alikuwa ameanza kulia.

"Kesho nitaanza upya, Bwana," ndilo alilosema.

"Upya, ndiyo. Barua hapana sasa. Barua baada ya mvua."

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Malori yalikuja Bondeni siku nne, na kila mara Mama Rahab alilikalia gunia lake, midomo ikimchezacheza kwa sala. Shuleni dawati la Karanja mdogo lilikuwa tupu. Kila mchana Wangeci alipanda mlimani bila kutumwa. Baba na Kipketer waling'oa mawe yote ya upande wa lango. Wakafukua mpaka udongo mgumu, wakajaza mawe makubwa, kokoto, kisha murram. Wangeci aliteka maji kwa debe, akanyunyiza kila tabaka, na hakuna tabaka lililofunikwa kabla yeye na Baba hawajaligonga mara tatu na kusikiliza.

"Mbona leo hujisifu, fundi?" Kipketer akamuuliza siku moja.

"Nasikiliza kwanza," Wangeci akajibu.

Kipketer akacheka kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mimi nami nilikuharakisha. Ulimi wangu ni kama gogo hili, hauchagui pa kupiga." Akampa jembe lililo jepesi.

Mvua ilinyesha, ikanyesha tena. Maji yalipofika langoni yaliteleza pembeni kwenye mfereji, kama Baba alivyoyapangia. Ijumaa ya pili Bwana Kofia akaleta lori la kuni, limejaa mpaka juu. Likapita langoni polepole. Wangeci alikuwa amechutama kando ya mawe, akisikiliza. Gurudumu la mbele likapita jiwe la tatu. La nyuma likapita. Jiwe halikutikisika. Bwana akaliambia lori lirudi nyuma, lipite tena. Halikutikisika.

Ndipo akatoa kalamu, akaandika barua juu ya boneti ya gari lake, akatia sahihi. Ephantus akaikunja ndani ya kitambaa, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

Walipokuwa wakiteremka kuelekea Bondeni, Wangeci alimwona mama yake kwa mbali, amesimama kando ya mfereji wa maji na ndoo tupu, akiwangoja. Baba akagusa kifua chake mara mbili ili Mama aone. Mama akaiachia ndoo, ikaanguka, na hakuiokota.

Wangeci akapunguza mwendo. "Baba, Bwana alikuuliza swali siku ile, hukumjibu. Kwa nini ulisimama mbele ya gari? Ungeweza kunyamaza. Pengine gari lingepita salama."

Ephantus akamshika mkono.

"Kulikuwa na mtoto ndani ya gari," akasema. "Hilo ni la kwanza, na lingetosha. La pili ni wewe. Ulinidanganya kwa sababu ulitaka kazi ionekane imekwisha, na mimi nikakubali mkia badala ya kuangalia shimo. Tulikosa wote wawili. Lakini asubuhi ile ulikuja mwenyewe ukaniambia kweli, ukijua itatugharimu barua. Sasa mami, baada ya wewe kuniambia kweli, mimi baba yako ningekwenda nyumbani na kunyamaza? Ningekuwa nimechukua nyasi nikaziba tundu, na safari hii tundu lingekuwa ndani yako."